Wewe Hauko Biira?

Jina langu ni Biira, na nikikuambia hivyo bado hujanijua. Kwetu Bakonzo jina hilo linasema tu kwamba mama yangu alikuwa ameshazaa msichana mmoja kabla yangu. Wa kwanza ni Masika, wa pili ni Biira. Simama katikati ya soko la Mpondwe uite "Biira!" uone. Watageuka wauza samaki, wauza maharage, na bibi harusi aliyekuja kununua sufuria. Nayasema haya mapema kwa sababu jina hili ndilo lililoniponza, na ndilo hilohilo lililoniponya.

Nakuandikia wewe uliyetoka leo kwa daktari na maneno "kifua kikuu" yakiwa bado yanakuzunguka kichwani. Mambo ya vijidudu muulize yeye. Mimi nitakueleza habari za benchi, vidonge, mama mkwe, na miezi sita ambayo kwa mtu asiyejua kutulia kama mimi ni kifungo. Nilipona. Shika hilo, maana huko mbele nitalalamika sana.

Mimi ni mchuuzi wa mpakani, Bwera. Maharage na mafuta ya mawese yanatoka Kongo, nayapokea Mpondwe, napakia, napeleka Kasese mjini. Ni kazi ya kukimbia, na miguu yangu aliiumba Mungu akiwa na haraka. Mume wangu Thembo hushinda Kyarumba, mlimani, kwenye kahawa ya mama yake, na Jumamosi hushuka nyumbani. Kikohozi kilipoanza nilisema ni vumbi la magunia. Kilipozidi nikasema ni baridi ya alfajiri. Nilikuwa mnene, mwanamke wa kujaza kiti. Sketi zikaanza kuniteremka, nikazikaza kwa pini, na wenzangu sokoni wakanisifu kwamba narudi usichanani. Nikacheka nao, nikienda nyumbani nakamua jasho kwenye shuka.

Waswahili husema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mimi nilijaribu kuficha kikohozi chenyewe, tena katikati ya kwaya, leso mdomoni, mpaka Jumapili moja nilipoikunjua leso nikaona damu.

Kanisani sikusema neno. Kwetu ukitaja kifua kikuu watu husikia ugonjwa mwingine, ule unaotajwa kwa kunong'ona, na macho yote yanamgeukia mume wako. Niliwaambia wanakwaya kwamba naenda Butembo, Kongo, kufuata mzigo. Kisha nikapanda bodaboda ya Sulaiti, Mwislamu mmoja ambaye amebeba magunia yangu miaka mingi, nikamwambia anipeleke Kisinga, hospitali ya misheni. Hakuuliza. Lakini njia nzima nilikuwa namkoholea mgongoni, na tulipofika alizima pikipiki akasema mtu akimuuliza atajibu kwamba Butembo ni mbali, na barabara yake ni mbaya.

Benchi la kusubiri lina tabia yake. Kila mtu anakohoa, na kila mtu anamtazama vibaya mwenzake anayekohoa. Muuguzi akitoka na mafaili akiita "Biira!" tunasimama watatu. Anauliza Biira yupi, tunatazamana. Anataja kijiji, wawili wanakaa. Nilisimama na kukaa asubuhi nzima, hadi bibi mmoja akaniuliza kama nimeingia jeshini. Walipomwita hatimaye Biira ambaye ni mimi, miguu haikutaka tena kusimama.

Walinilaza, kwa kuwa maji yalikuwa yameingia kifuani na nilikuwa siwezi kupanda ngazi. Chumba chetu kilikuwa mwisho kabisa wa uwanja wa hospitali, madirisha wazi mchana na usiku. Vidonge ni vikubwa, utaviona mwenyewe. Siku ya kwanza mkojo wangu ulitoka na rangi ya soda ya machungwa, nikapiga kelele, nikidhani ndiyo damu yangu yote inanitoka. Wenzangu walicheka mpaka wakakohoa. Sasa wewe umeshaambiwa, usipige kelele. Viungo vitakuuma kama mtu aliyelima mlima mzima. Kichefuchefu kitakuja, kisha njaa, na hiyo njaa uipokee vizuri, maana ni afya inabisha hodi.

Ila hakuna kidonge cha kutulia. Nilizunguka ule uwanja nikihesabu miti. Nilikwenda langoni kutazama malori yakipita kuelekea mpakani, nikiwataja madereva kwa majina. Askari wa lango alinizoea, akawa ananiita kwa utani "Biira wa doria". Muuguzi alinirudisha kitandani, nikatoka kwa mlango mwingine.

Wiki ya pili mama mkwe alikuja. Aliniletea ugali wa muhogo umefungwa kwenye jani la ndizi, bado wa moto, na kikombe cha bati kilichofungwa uzi mwekundu kwenye mshikio. Akakiweka dirishani, akasema hicho ni changu peke yangu na kisichanganywe na vingine. Halafu akaniambia kwamba amemchukua Masika.

Masika ni mtoto wangu, mmoja tu niliye naye, wa miaka minne. Nilikuwa nimemwacha kwa jirani. Muuguzi alikuwa ameshampima, akamkuta mzima, na alimweleza mama mkwe taratibu kwamba ugonjwa huu husafiri kwa hewa, hausafiri kwa kikombe, na kwamba nikishakaa kwenye dawa wiki kadhaa sitamwambukiza mtu. Mama alimsikiliza kwa adabu kabisa. Kisha akanigeukia.

"Nilizika dada yangu na mtoto wake kwa kikohozi hiki," akasema. "Siku nitakayokaa kwako mchana kutwa nisisikie ukikohoa, mtoto atashuka. Kabla ya hapo, hapana."

Nilitaka kumtukana na nilitaka kumshika miguu, na kifua hakikunipa nafasi ya lolote kati ya hayo mawili.

Kwa Kiswahili masika ni mvua ndefu. Kwetu ni msichana wa kwanza. Mwaka ule Masika alipanda mlimani, na masika ikashuka. Ilinyesha usiku na mchana, juu ya bati hatukusikiana. Siku moja tukasikia kwamba mto Nyamwamba umevunja kingo kule Kilembe, umebeba mawe makubwa kuliko magari, umepita katikati ya zile nyumba za mgodi wa zamani. Hospitali ya kule nayo ilikuwa na maji yake ya kuhangaika nayo, hivyo majeruhi wengine waliletwa kwetu. Niliwaona dirishani wakiteremshwa, matope hadi kwenye nywele, mama mmoja ameshika funguo za nyumba ambayo haipo. Siku hiyo sikujihurumia hata kidogo. Kesho yake nilianza tena.

Baada ya siku kadhaa, asubuhi, nikasikia kuimba. Niliijua sauti kabla sijaona watu. Ilikuwa kwaya yangu, ya Bwera, wanawake wa kanisa letu, wanapita kwenye uwanja na furushi kubwa, na mbele yao Mama Yunia, kiongozi wetu, muuza samaki mwenye sauti ya kuzima redio. Askari wa lango anawaonyesha mlango wangu kwa kidole.

Nilitafuta pa kujificha. Chini ya kitanda palikuwa na beseni. Nikabaki nimesimama na gauni la hospitali.

Kumbe walikuwa hawanitafuti mimi. Wakristo wa Kilembe walikuwa wametuma habari Bwera kwamba kuna dada yao Biira, maji yamebeba nyumba yake, mguu umevunjwa na jiwe, yuko Kisinga hana hata blanketi. Kanisa letu likakusanya: blanketi, sufuria, unga wa muhogo, kitenge, samaki wakavu. Wakafika langoni wakaomba kuonyeshwa Biira. Askari alimjua Biira mmoja tu, yule asiyetulia.

Mama Yunia alisimama mlangoni akanitazama, furushi kichwani. Akatazama maandishi ya ukutani kuhusu kukohoa. Nyuma yake wawili walivuta leso wakaziba pua, na mmoja alirudi uani akijifanya ameangusha kitu.

"Butembo," akasema Mama Yunia.

Nilikuwa na hasira kama moto. Aibu ikizidi kwangu huwa inakuwa hasira, nimezaliwa hivyo. Nikamwambia kwamba Biira wanayemtaka yuko jengo lile lenye bati jekundu, wodi ya mifupa, wapite na huko waende, na ya kwangu wakayaeleze soko zima wakitaka. Nikageuza uso nikakohoa ukutani.

Alishusha furushi. Akamwuliza muuguzi mahali ambapo mtu anaweza kukaa na mimi bila wasiwasi, akaambiwa nje, penye upepo. Akabeba kiti kimoja kwa mkono huu na kingine kwa mkono ule, akaviweka uani, akaketi kwenye kimoja. Mimi nikabaki nimesimama.

"Jumapili yote tuliomba Mungu asaidie Biira," akasema. "Wewe hauko Biira?"

Nimesoma Biblia tangu nikiwa shule, na nimeimba miaka mingi kuhusu huruma. Lakini siku hiyo ndiyo huruma ilinikuta bila kujipanga, imekosea mlango, imekataa kuondoka. Nililia. Sijui kulia kwa uzuri, nalia na makamasi. Yule aliyeangusha kitu uani alikipata, akaja akasimama karibu.

Shida ikawa furushi. Blanketi lilikuwa moja. Nikawaongoza mwenyewe hadi wodi ya mifupa, sufuria kichwani kwangu, nikitweta. Nilibaki nje ya dirisha, wao wakaingia. Biira wa Kilembe alikuwa mwanamke mpana, mkubwa kwangu kwa umri, mguu umefungwa plasta, uso wa kuamuru. Mwanawe ni mwanajeshi, yuko mbali huko Karamoja, na sijui nani alimwambukiza mwenzake ile sauti ya afande. Walipomweleza kisa kizima alicheka mpaka akashika mguu kwa maumivu. Kisha akanitazama dirishani nilivyokuwa natetemeka.

"Peana blanketi kwa ule wa kutetemeka," akasema. "Mimi niko na joto ya hasira."

Nilikataa. Akakataa. Blanketi likapita dirishani kwenda na kurudi hadi Mama Yunia akalinyakua akanifunika mwenyewe, akisema mgonjwa haulizwi uji. Sufuria na unga vikabaki kwa Biira wa Kilembe, kwa sharti moja, kwamba uji utakaopikwa humo ni wa Biira wote wawili. Wanakwaya wakagawana zamu za kuja kuupika. Baadhi hawakuja tena, na siwalaumu sana, nawalaumu kidogo tu. Walikuja wa kutosha.

Hivyo ndivyo nilivyompata mlinzi wa gereza langu. Kila asubuhi nilikwenda barazani kwa Biira, wakamtoa nje na kitanda chake, mimi nikakaa upande wa upepo. Alinitazama nikimeza kidonge kimoja kimoja. "Fungua mudomo," anasema, "inua ulimi." Siku ya kwanza aliona kile kikombe changu chenye uzi mwekundu. Akauliza, nikamweleza. Akaukata uzi kwa meno, akautema, akajimiminia uji wangu, akanywa.

"Maji ilibeba nyumba yangu na mlango yake," akasema. "Sasa mimi naogopa kikombe?"

Alikuwa na siku zake mbaya pia. Mvua ikigonga bati anashika ukingo wa kitanda, na hapo ndipo mimi nisiyejua kukaa nilijifunza kukaa. Nilivuta kiti karibu, upande wa upepo, nikamenya viazi.

Mvua zikaisha. Nikaruhusiwa kwenda kumalizia dawa nyumbani, naye akaruhusiwa, lakini nyumbani kwake ni mawe. Mama Yunia aliuliza kanisani nani ana nafasi. Nikasimama nikasema mimi nina chumba cha magunia, na magunia sina. Sulaiti ndiye aliyetuleta, mmoja mmoja, Biira nyuma amenyoosha plasta pembeni kama bomba. Kila mwezi alinirudisha Kisinga kuchukua vidonge. Kilikuwa kiangazi, vumbi tupu, na siku moja alikuwa amefunga kwa nadhiri yake, koo limemkauka, lakini alisimama njiani akaninunulia maji nimeze dawa kwa saa yake.

Sasa sikiliza, wewe mwenye vidonge mkononi, maana hapa ndipo wengi huanguka. Mwezi wa tatu unajiona umepona. Kikohozi kimepungua, sketi zimeanza kushika, na malori yanapiga honi barabarani. Vidonge vinakuchefua na huoni kazi yake. Asubuhi moja niliamua basi. Nikaviacha juu ya kabati, nikafunga kitenge, nikasema napanda Kyarumba kumchukua mwanangu, nimeshapona, na mama mkwe aniambie la kusema.

Biira alikuwa ameketi mlangoni. Akanyoosha ule mguu wa plasta kutoka mwimo hadi mwimo.

Kwetu huruki mguu wa mtu. Ukiruka wa mgonjwa ni mbaya zaidi, ni kama kumwambia asisimame tena. Nikamwambia atoe. Akanitazama.

"Ruka," akasema.

Nilisimama pale nikipumua kwa nguvu. Nilimwita majina. Nilimwambia hii ni nyumba yangu. Akasema ni kweli, ni nyumba yangu, na nyumba yake maji yameibeba, na kitu pekee alichobaki nacho cha kuzuia mtu asife ni mguu huu. Nikarudi kabatini. Nikameza. Nikarudi kumwonyesha ulimi, na alikuwa analia.

Miezi iliyobaki aliketi mlangoni pale kila asubuhi, hata plasta ilipotolewa.

Kahawa ilipoanza kuiva na mvua za pili kurudi, nilimaliza. Walipima makohozi, safi. Daktari aliniambia kifua kilichokuwa na vidonda huweza kukohoa mara mojamoja hata kikiwa kimepona, nisiogope. Mimi sikuogopa. Niliyemwogopa ni mmoja tu, naye akatuma neno kwa Thembo kwamba Jumamosi anashuka kushinda kwangu.

Siku ile nilikunywa tangawizi mpaka tumbo likaungua. Nilifagia mara mbili. Biira aliniamuru nikae, nikakaa, nikasimama. Makaa yalikuwa yamelowa, jiko likawa linafuka ndani kwa sababu nje mvua.

Wakaingia, mama mkwe, Thembo na furushi la nguo za mtoto, na nyuma ya gauni refu la gomesi la bibi yake, Masika. Amerefuka. Amenyolewa. Nilimpa mama chai. Akakizungusha kikombe akitafuta uzi, hakuuona, akatazama vikombe vingine, vyote vilifanana. Akanywa. Saa ikapita nikiwa sijakohoa, nikaanza kuamini.

"Masika," akasema, "nenda kwa mama."

Mtoto alitazama. Kulikuwa na mwanamke mwembamba amesimama, kichwa kimefungwa kitambaa, na mwanamke mnene ameketi mkekani. Mama aliyemkumbuka alikuwa mnene. Akaenda mkekani, akapanda mapajani mwa Biira, akaweka kichwa.

Biira, ambaye siku zote ana amri mdomoni, aliinua mikono juu asimguse. Thembo akatazama sakafu. Niliumia kuliko siku ya damu, nakuambia kweli. Nilivuta pumzi nimwite, na moshi wote wa jiko ukaingia.

Nilibana. Macho yalijaa maji, mishipa ikasimama shingoni, na mama mkwe akiwa ananitazama, kikombe mkononi. Nikageukia ukuta. Kikatoka. Kikohozi kilekile cha zamani, cha kutoka chini kabisa, na kingine juu yake, na kingine.

Kilipokwisha, nilisikia mvua tu. Sikugeuka. Nilikuwa nangoja kusikia mama mkwe akimwita mtoto waondoke.

Kitu kikanivuta sketi.

"Mama," akasema Masika. Usiku mwingi alikuwa amelala akikisikia kikohozi hicho tangu kilipoanza, uso haukumwambia kitu, sauti ndiyo aliyoijua. Akanikumbatia mguu akang'ang'ania.

Mama mkwe aliweka kikombe chini. Akasimama, akaenda mlangoni lilipokuwa furushi, akalinyanyua, na mimi nikamkaza mtoto kwa mikono miwili. Akarudi nalo. Akaketi mkekani karibu na Biira, akafungua fundo, akaanza kuzitoa nguo za Masika moja moja, akizikunja upya na kuziweka juu ya kitanda changu.